Noti nyingine zinavuma, nyingine zinapotea: tatizo ni sabufa au sebule?

KochiLaNyuma, Tanga

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Nina amplifaya ya chaneli mbili, spika mbili za rafu zenye wufa (kipaza cha sauti nzito) ya inchi 6, na sabufa ya inchi 10 yenye amplifaya yake ndani. Sebule ina urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.5, kuta ni za matofali ya saruji, sakafu ni ya vigae, na juu kuna zege la ghorofa ya pili. Sabufa iko kwenye kona nyuma ya televisheni, na kochi limeegemea ukuta wa nyuma, nami hukaa mwisho wa kochi karibu na dirisha. Nikipiga rumba, noti chache za gitaa la besi huvuma hadi vioo vya kabati vinalia, ilhali nyingine, ambazo mpigaji amezipiga kwa nguvu ileile, husikika kana kwamba zinatoka kwa jirani. Nikipunguza sabufa, muziki wote unakonda. Fundi mmoja ananishauri ninunue sabufa ya inchi 12. Je, kweli nitapata besi iliyotulia?

MzeeWaSanturi

Usitoe pesa bado, ndugu yangu. Kinachovuma hapo ni chumba, na sabufa kubwa zaidi itavuma palepale, kwa nguvu zaidi.

Katika joto la pwani, tuseme nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Gawanya kiasi hicho kwa mara mbili ya urefu wa sebule yako, utapata kama hezi 41.5 (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde), gawanya kwa mara mbili ya upana, utapata karibu hezi 50. Hayo ndiyo masafa ya mtikisiko ambayo wimbi la sauti linalokwenda ukutani na lile linalorudi hukutana na kuongezana nguvu. Sasa tazama gitaa la besi lenyewe: waya wake mnene kuliko zote ukipigwa wazi hutoa hezi 41.2, na ukibanwa kwenye noti ya G hutoa hezi 49. Mpigaji wako wa rumba anagonga mlango wa sebule yako bila kujua.

Mvumo wa namna hii huwa mkali zaidi kando ya kuta na hufifia katikati ya chumba. Wewe umeweka sabufa kwenye kona, mahali panapoamsha mivumo yote kwa pamoja, kisha umeketi ukutani na karibu na kona nyingine. Isogeze sabufa hadi katikati ya ukuta wa mbele, kwa kuwa mvumo wa upana hauamshwi kwa urahisi kutoka hapo, nawe ukae katikati ya kochi. Mvumo wa urefu ni mgumu zaidi. Ukilivuta kochi mita 1.4 kutoka ukutani, nguvu yake hupungua kwa kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini ukilivuta sentimita 60 tu hupati hata desibeli 1.

SautiYaBanda

Naunga mkono. Niongeze tu kwamba usidanganyike na vile vipande vya sponji vyenye matuta kama trei ya mayai. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na sponji ya sentimita 5 hailizuii kwa lolote. Itakachofanya ni kufyonza sauti za juu, ubaki na chumba kizito chenye mvumo uleule. Nilipokuwa nikiishi katika nyumba ya mbao sikuwa na tatizo hili kabisa, kwa sababu ukuta wa mbao hutikisika na kula sehemu ya besi, wakati tofali la saruji huirudisha karibu yote.

Kuhusu noti zinazopotea, angalia nyuma ya sabufa. Pale ambapo sabufa na spika hupokezana kazi, kwa kawaida karibu na hezi 80, moja ikisukuma hewa wakati nyingine inavuta, sauti zao hufutana. Ndiyo maana kuna swichi yenye alama za 0 na 180, inayogeuza sabufa isukume pale ilipokuwa ikivuta. Piga wimbo mmoja, mtu mwingine abadilishe swichi ukiwa umekaa mahali pako pa kawaida, kisha uchague upande unaojaza besi.

KochiLaNyuma, Tanga

Ahsanteni sana. Sabufa sasa iko katikati ya ukuta wa mbele na swichi iko kwenye 180, na zile noti zilizokuwa zikipotea zimerudi, jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwenye swichi ndogo kiasi kile. Mvumo wa G umekwisha. Kochi, hata hivyo, siwezi kulivuta mita 1.4 bila kuziba njia ya jikoni, kwa hiyo noti ya chini kabisa bado inavuma. Je, ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha sehemu za sauti, inaweza kunisaidia?

MzeeWaSanturi

Inaweza, kwa sharti kwamba inakuruhusu kuchagua masafa na upana wa eneo la masafa linaloguswa. Kitufe cha besi cha amplifaya hakifai, kwani hushusha kila kitu. Kama unapiga muziki kutoka kwenye kompyuta, tumia programu ya ikwalaiza, shusha eneo jembamba kwenye hezi 41 kwa desibeli 4, sikiliza siku mbili tatu, kisha ongeza kidogo ikihitajika. Shusha tu, usipandishe pale panaposikika pengo: kupandisha desibeli 6 kunadai nguvu mara nne kutoka kwa amplifaya, na pengo linalotokana na chumba halizibiki kwa njia hiyo.