Mji wa watu karibu laki nne hauna basi? Mdogo wangu ananidanganya?

MamaKikuubo:
Wapendwa, hasa nyinyi mlioko Marekani, nisaidieni. Mdogo wangu amekwenda kusoma Arlington, Texas, pale kati ya Dallas na Fort Worth. Hajamaliza hata muhula mmoja, na kila akipiga simu wimbo ni uleule: dada, tuma pesa ninunue gari. Namuuliza, kwani hakuna basi? Anasema mji mzima hauna. Hakuna basi, hakuna teksi ya kupakia watu, bodaboda ndiyo usiseme. Nimetafuta kwenye simu nikaona ni mji wa watu karibu laki nne. Laki nne! Mimi nauza jumla hapa Kikuubo. Nikifunga duka jioni, kondakta wa Bweyogerere anataka kunibeba mimi na mzigo wangu mgongoni, na hiyo ndiyo Kampala tunayoitukana kila siku. Watu waliojenga uwanja wenye paa la kufungua na kufunga (kanitumia picha) wanashindwaje na basi? Kabla sijagusa mtaji wangu nataka kujua: kijana anasema kweli, au ameona Toyota ya mtu akaipenda?

MtuWaIrving:
Dada, anasema kweli, ila hajaimaliza. Mimi niko Irving, jirani na Arlington, na huku kwetu mabasi na treni zipo. Tofauti ni kodi. Shirika la usafiri la Dallas, DART, liliundwa kwa kura mwaka 1983, na mji unaotaka kuwemo unachangia senti 1 ya kila dola ya mauzo madukani. Sheria ya Texas nayo inasema kodi zote za mji kwenye mauzo zisipite senti 2 kwa dola. Irving ilitoa senti yake. Arlington wakaulizwa kuhusu kodi ya usafiri mwaka 2002, wakakataa. Mwaka 2004 wakaulizwa kuhusu nusu senti ya uwanja, huohuo uliouona kwenye picha, wakakubali. Ukafunguliwa 2009. Kwa hiyo hawakushindwa, walichagua.

Alichokuficha ni hiki: tangu mwisho wa 2017 kuna magari madogo ya mji yanayoitwa kwa simu. Unaandika ulipo na unakokwenda, linakuja, unachanganywa na wengine wanaoelekea upande huo. Nauli ni dola chache. Linamfikisha hadi stesheni ya CentrePort, na hapo anapanda treni ya TRE kwenda Dallas au Fort Worth. Jumapili treni hiyo haitembei.

DerevaWaGayaza:
Mimi nina swali la kijinga. Waafrika wote waliojaa Texas, hakuna hata mmoja aliyefikiria kununua Hiace akaweka mtu mlangoni? Laki nne bila usafiri, hizo ni pesa zimelala barabarani. Nani ananitafutia visa?

MpimaRamani:
Mzee, hayo yalishafanyika. Mwaka 1914 kule Los Angeles wenye magari yao walianza kupakia watu kwa senti 5, nauli ileile ya tramu, zile treni za barabarani mjini, na haukupita muda jambo likaenea Marekani nzima. Kampuni za tramu zikalalamika. Halmashauri za miji zikaleta leseni, dhamana na masharti ya njia, na miaka michache baadaye biashara ilikuwa imekufa karibu kila mahali. Ikafufuka New York: wafanyakazi wa usafiri walipogoma mwaka 1980, watu wakaanza kupakiana kwa vani, na mpaka leo utazikuta Flatbush Avenue, Brooklyn, zinapiga honi na kuita abiria. Wengi wenye nazo ni watu wa Karibea, na nyingine hazina leseni. Pale ungejisikia nyumbani.

Lakini Flatbush si Arlington. Hiace yako inajaa kwa sababu kati ya Kalerwe na Mpererwe watu wanamiminika kwa miguu kutoka kila kichochoro. Arlington sehemu kubwa imejengwa baada ya Vita vya Pili, na imejengwa kwa gari. Kanuni zinasema mtaa huu uwe nyumba moja kwa kiwanja kimoja, maduka yawe kule, na kila duka litenge maegesho kwa kipimo kilichoandikwa. Njia za mitaani zinaishia kwenye ua wa mtu, kwa hiyo duka lililo nyuma ya uzio wako unalizungukia barabara kubwa. Halafu kuna sheria ya barabara kuu ya 1956: serikali ya Washington ililipa asilimia 90 ya gharama. Nani angehangaika na treni ya kujilipia mwenyewe? Ukisubiri abiria 14 hapo utalala steji.

Houston waliipanua barabara yao kuu, Katy Freeway, mahali pengine ikafika njia 26 ukihesabu na zile za pembeni. Ilimalizika 2008, na foleni ikarudi. Nalitaja kwa sababu kwenye vikao ninavyokaa hapa Kampala dawa ni hiyohiyo: panua. Mtu akitaja basi, watu wanaangalia saa.

BintiBrampton:
Kaka, usiimalizie kwenye nyumba. Brampton, hapa karibu na Toronto, nyumba ni hizohizo, kila mtu na banda lake la gari. Lakini 2010 walianzisha mabasi ya Züm kwenye Queen Street, yanapita mara kwa mara, na watu tunayapanda. Mimi ni wa zamu za usiku ghalani, gari sina. Na Toronto, tangu 2018 ukishagusa kadi ukalipa, saa mbili zote unapanda na kushuka utakavyo. Hapo kwenu ukibadilisha gari Old Taxi Park unalipa upya.

MpimaRamani:
Dada, Queen Street basi lilipita kwanza, abiria wakazoea baadaye, na hapo katikati kuna mtu aliyelipa viti vitupu. Hilo ndilo Arlington walilokataa. Na la nauli, waambie wenye teksi, usiniambie mimi!

DerevaWaGayaza:
Tupunguze nauli na mafuta bei hii? Basi visa niachieni.

MamaKikuubo:
Asanteni sana. Nimempigia. Nilipotaja magari ya kuita kwa simu akanyamaza, kisha akauliza, "Dada, nani kakwambia?" Kumbe alipanga chumba mbali na chuo kwa sababu ni rahisi. Nimemwambia mkataba ukiisha ahamie karibu, aende kwa miguu, na kodi ya chumba ikizidi nitaongeza mimi. Gari hapana.

MtuWaIrving, kaka, hiyo treni Jumamosi inaanza saa ngapi? Anataka kwenda kanisani Dallas. Sisi ni Wasabato, Jumapili yao haitusumbui.