Nianzie wapi ili nipate kazi katika mashirika ya misaada ya kibinadamu?

Mhitimu wa Kasulu

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimehitimu shahada ya sosholojia na sasa ninaishi na wazazi wangu hapa Kasulu, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nia yangu ni kufanya kazi za misaada ya kibinadamu, hasa kwa wakimbizi, lakini kila tangazo ninalolisoma linadai uzoefu wa miaka miwili au mitatu, nami sijawahi kuajiriwa popote. Je, nirudi chuoni kusoma shahada ya uzamili, au nianze kwa kujitolea? Ninazungumza Kiswahili, Kiha na Kiingereza cha kuridhisha.

Mtunza Ghala

Mdogo wangu, uzamili usubiri. Mashirika haya hayaajiri huruma wala shahada peke yake. Yanaajiri mtu wa kazi fulani: mhasibu, fundi wa maji, muuguzi, mtunza ghala, afisa wa ulinzi wa mtoto, karani wa usajili. Kwanza amua wewe ni nani kati ya hao. Kwa sosholojia, milango iliyo karibu nawe ni ulinzi wa watoto na wanawake, ushirikishwaji wa jamii, na ukusanyaji wa takwimu.

Nitoe mfano wa upande wangu. Katika usaili wa kazi za ghala, swali la kawaida ni hili: lori limefika na mifuko 598 ya unga, ilhali hati ya mzigo inasema 600, utafanya nini? Wengi hujibu kwamba watampigia simu bosi. Anayeijua kazi husema kwamba atahesabu upya mbele ya dereva, ataandika upungufu wa mifuko miwili kwenye hati ileile, dereva atasaini, yeye atasaini, kisha ataingiza 598 kwenye leja. Kila fani ina swali lake la namna hiyo, na jibu lake hulipati katika shahada ya uzamili.

Hata hivyo, usome. Mwongozo wa Sphere, ambao unapatikana bure mtandaoni, ndio unaoweka viwango vya chini vya huduma, kwa mfano lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Jifunze pia kutumia KoboToolbox kukusanya takwimu kwa simu. Halafu nenda ofisi ya Msalaba Mwekundu iliyo karibu nawe ujiandikishe kuwa mwanachama na mtu wa kujitolea. Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh, wilayani Hanang, Desemba 2023, watu wa kujitolea wa chama hicho walikuwa miongoni mwa waliotoa msaada, na kazi kama hiyo ni uzoefu unaoandikika kwenye wasifu wako.

Na hicho Kiha ulichokitaja kwa kupita tu, kiandike juu kabisa. Anayekijua huelewana na msemaji wa Kirundi bila mkalimani, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayeomba kazi Kigoma.

Afisa Maendeleo

Ninakubaliana na Mtunza Ghala kuhusu fani, ila kuhusu kujitolea ninatofautiana naye kidogo. Kujitolea kunamfaa mwenye mahali pa kulala na chakula cha uhakika. Wapo vijana wanaozungushwa kwa posho ya nauli mwaka hadi mwaka, wakifanya kazi ileile ya mwajiriwa. Jiwekee ukomo, na udai barua inayotaja majukumu yako na muda uliotumikia.

Tena tuseme ukweli kuhusu hali ya sasa. Marekani ilipozuia misaada yake ya nje mwanzoni mwa mwaka 2025, miradi mingi ilifungwa na watu wenye uzoefu mkubwa wakarudi sokoni, kwa hiyo unashindana nao. Ndiyo maana ninakushauri usiupuuze mlango wa serikali. Fuatilia nafasi za afisa maendeleo ya jamii zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Mtu aliyefanya kazi halmashauri, anayejua kuitisha mkutano wa kijiji na kuandika taarifa inayosomeka, huhitajika na mashirika, kwa sababu hayawezi kufanya lolote bila kupitia mamlaka hizo. Hata kuingia kambini kwenyewe kunahitaji kibali cha serikali.

Mhitimu wa Kasulu

Nawashukuru sana, kaka zangu. Niongeze swali moja. Juzi nilipigiwa simu na mtu aliyedai kwamba jina langu limepita katika shirika moja la Umoja wa Mataifa, na kwamba nitume fedha za uchunguzi wa afya kabla ya kupewa mkataba. Sikumbuki kuomba nafasi hiyo.

Mtunza Ghala

Usitume hata shilingi, na usimpe namba ya kitambulisho chako. Umoja wa Mataifa hautozi malipo katika hatua yoyote ya ajira, iwe maombi, usaili au mafunzo. Nafasi za kweli utazikuta kwenye tovuti ya shirika lenyewe au ReliefWeb, ambako unaweza kuchuja matangazo ya Tanzania pekee. Anza na ngazi ya msaidizi, zile zinazotaka mwaka mmoja au zisizotaja uzoefu kabisa, na kila barua ya maombi uiandike upya kwa kufuata majukumu yaliyomo kwenye tangazo husika.