Picha za mwanzo za Reli ya Uganda na ya Usambara: nitajuaje mwaka na mahali halisi?

Pekuapekua
Wakuu, heshima kwenu. Nakusanya picha za reli za zamani kutoka mtandaoni, za Mwingereza (Reli ya Uganda, Mombasa hadi Kisumu) na za Mjerumani (ya Usambara kutoka Tanga, na ile ya kati). Shida ni maelezo yake: picha ileile huku inaitwa Voi 1898, kule Nakuru 1905. Zinazonitatiza kwa sasa ni tatu.

Moja ni kichwa cha treni kirefu ajabu, seti mbili za magurudumu, tangi la maji liko mbele, imeandikwa "Nairobi 1903". Nyingine ni behewa juu ya jukwaa, linashushwa mteremko mkali kwa kamba, "Mau 1897". Ya mwisho ni kadi posta ya treni Tanga: stempu ya Mjerumani, mhuri haueleweki, na namba ya kichwa haisomeki, kama vile imeandikwa kwa alfabeti nyingine.

Naanzia wapi?

Taruma la Chuma
Anza na kalenda ya ujenzi, kabla hujasoma maelezo ya mtu yeyote. Treni haiwezi kupigwa picha mahali ambapo reli haijafika. Mwingereza alianza Mombasa 1896, akafika Tsavo mwanzoni mwa 1898, Nairobi Mei 1899, ziwani Kisumu Desemba 1901. Mjerumani alitoka Tanga, akafungua hadi Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905. Reli ya kati ilianza Dar es Salaam 1905 ikafika Kigoma 1914. Andika miaka hiyo kwenye karatasi uibandike ukutani. Nusu ya maelezo ya uongo utayafuta kwa kuitazama tu.

Picha yako ya kamba imekwisha hapo hapo. Mwaka 1897 reli ilikuwa haijavuka hata Tsavo. Na huo mteremko si Mau, ni ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kikuyu. Njia ya kudumu pale ilichelewa, wahandisi wakaweka njia ya muda ya kuteremsha mabehewa kwa kamba za chuma ili vifaa viendelee kwenda mbele. Ilifanya kazi 1900 na 1901, kisha ikaachwa. Picha chache za reli hii zina tarehe finyu namna hiyo, itunze vizuri.

Fundi Lenzi
Kichwa kirefu ni aina ya Garratt. Tazama bolia (pipa kubwa la kuchemshia maji): inaning'inia katikati ya seti mbili za magurudumu, tangi la maji liko mbele kabisa. Garratt ya kwanza duniani ilijengwa 1909, na kwenye reli hii ziliingia 1926. Kwa hiyo 1903 haiwezekani. Ila usiichanganye na Mallet, ambayo nayo ina seti mbili za magurudumu na ilikuwepo kabla ya Vita vya Kwanza: kwenye Mallet bolia imekaa juu ya seti zote mbili, ya nyuma imefungwa imara, ya mbele inapinda.

Soma na herufi za ubavuni. Reli iliitwa Uganda Railway hadi 1926 ilipobadilishwa jina kuwa Kenya and Uganda Railway. Ukiona K.U.R., tarehe yoyote kabla ya hapo tupa.

Kadi ya Tanga, igeuze kushoto kwenda kulia kwenye programu yoyote ya picha. Bamba la kioo (negativu ya wakati ule) likichapwa upande usio wake, picha nzima hutoka kinyume, na hakuna atakayegundua mpaka kuwe na maandishi. Ukishageuza, namba itasomeka.

Na tafadhali, usiipitishe kwenye programu za akili bandia za "kung'arisha". Zinabuni tarakimu: 3 iliyofifia inakuwa 8 safi kabisa, nawe unaenda kutafuta kichwa ambacho hakijawahi kuwepo. Pandisha tofauti ya mwanga na giza kwa mkono, basi. Rangi nazo usizikisie. Filamu za wakati ule hazikuona nyekundu, ikatoka karibu nyeusi, na anga la buluu likatoka jeupe tupu.

Bi Stempu
Pekuapekua, kwenye hiyo stempu thamani imeandikwa Pesa au Heller (sarafu ndogo za koloni la Mjerumani)?

Pekuapekua
7½ Heller, dada. Na nimegeuza, namba inasomeka! Nyuma ya kadi kuna mstari katikati, upande mmoja anwani, mwingine barua.

Bi Stempu
Basi ni 1905 au baadaye, kwa sababu mbili tofauti. Stempu za Mjerumani huku ziliacha Pesa zikaingia Heller mwaka huo, na kadi za Ujerumani ziliruhusiwa kugawanywa nyuma mwaka huohuo. (Za Uingereza ziligawanywa tangu 1902, kwa hiyo usipime kadi za Mombasa kwa kipimo hiki.)

Hiyo ni tarehe ya kadi, si ya picha. Wachapaji walitumia bamba moja miaka na miaka. Ikuze kwanza: ukiona nukta nukta ndogo zilizopangwa, ni chapa ya mashine, maana yake ipo picha ya asili mahali fulani yenye maelezo zaidi ya hayo uliyonayo.

Taruma la Chuma
Na mahali pa kuitafuta ni Chuo Kikuu cha Frankfurt, kwenye hifadhi ya picha za makoloni ya Ujerumani. Tafuta kwa tahajia yao: "Usambarabahn", "Muhesa", "Daressalam", "Mrogoro", "Kilossa". Ukiandika Muheza utatoka mikono mitupu.

Upande wa Mwingereza mtego ni mipaka. Kisumu, Nakuru na Naivasha zilihesabiwa Uganda hadi 1902, kwa hiyo picha za awali zimewekwa kwenye makabati ya Uganda. Kisumu jaribu pia jina lake la zamani, "Port Florence". Madaraja marefu ya vyuma ya Mau yalitoka American Bridge Company, yatafute kwenye majarida ya uhandisi ya Marekani.

Maktaba ya Bunge la Marekani inakupa faili la TIFF (kubwa, lisilopunguzwa ubora) bure, chukua hilo. Hilo la pikseli 600 ulilokuta kwenye mitandao ya kijamii halina namba ya kusoma. Jina la faili lianze na namba ya kumbukumbu ya hifadhi, kisha mwaka kwa mtindo wa "baada ya 1905", si "1905".

Fundi Lenzi
Nyongeza: wazungu walioketi kwenye benchi mbele ya kichwa huandikwa "Roosevelt 1909" (Theodore, rais mstaafu wa Marekani) hata sura isipoonekana. Benchi lile lilikuwa la wageni. Churchill naye aliketi 1907. Bila uso unaotambulika, andika "wageni".