Naomba ushauri: picha za kuwafundisha watoto kuona mabadiliko

Habari za kazi, walimu wenzangu. Nafundisha darasa la pili. Kila asubuhi tunaupiga picha mche wa maharage, simu ikiwa juu ya tofali lilelile na rula imesimama kando ya kopo ili urefu usomeke. Picha zinatoka vizuri. Shida ni macho: nikiwapa ya wiki iliyopita na ya leo walinganishe, jibu ni "umekua", basi! Zile nusu mbili za mbegu zilizosinyaa, shina lililopinda kufuata mwanga wa dirishani, hayo hakuna anayeyataja.

Je, wauchore mche kwanza kabla sijawaonyesha picha? Au nizichanganye, wazipange wenyewe kwa mfuatano? Na wasiojua kuandika vizuri, maelezo yao mnayahifadhije?