Naomba ushauri: kona za barabara na njia za miguu kwenye kitovu cha mji mpya

Wakuu, salaam. Ramani ya kitovu cha mji mpya pembezoni mwa Dodoma ina vitalu vyenye urefu wa mita 180, njia za miguu zenye upana wa mita 1.5, na kona zenye nusu kipenyo cha mita 12 ili malori yapite. Kona pana namna hiyo dereva hapunguzi mwendo, na anayevuka anabaki barabarani muda mrefu zaidi. Nafikiria kushusha nusu kipenyo hadi mita 5 na kupasua kila kitalu katikati kwa kichochoro cha mita 4, ili anayetembea asizunguke kitalu kizima. Kikwazo ni lori la taka, maana kona ya mita 5 itambana dereva wake: niweke ukingo wa chini ambao tairi la nyuma litaupanda, au lipitie nyuma ya maduka? Na nguzo za umeme mnaziweka wapi? Zikisimama kwenye hiyo mita 1.5, kiti cha magurudumu hakipiti.