Mjadala: Mwindaji atembee porini na risasi chemba, au chemba iwe tupu?

Wakuu, kila msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa mwezi Julai, mabishano haya hurudi kwenye kambi za vitalu vyetu Tanzania. Mkiwa mnafuata nyayo kwa miguu, bunduki iwe imekokiwa, yaani risasi iko chemba (nafasi iliyo nyuma ya mtutu, risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) na sefti (kizuizi cha kufyatuka) imefungwa? Au risasi zikae magazini (kihifadhi cha risasi za akiba ndani ya bunduki) na chemba ibaki tupu mpaka mnyama aonekane? Natoa msimamo wangu ili wenye hoja waupinge: mteja atembee na chemba tupu, akoki pale tu mwindaji bingwa, yaani mtaalamu anayemwongoza, atakapomwambia.

Tazameni namna tunavyotembea. Ni mstari mmoja: mfuata nyayo mbele, kisha mwindaji bingwa, kisha mteja, nyuma askari wa wanyamapori na wabeba mizigo. Wengi huweka bunduki begani wakiwa wameshika mtutu kwa mbele, kitako kikibaki nyuma. Mtutu huo unaelekea mgongoni kwa aliyetangulia. Naye mfuata nyayo ameinama, macho yako kwenye udongo na majani yaliyokanyagwa, hajui kabisa kinachoendelea nyuma yake. Mteja akijikwaa kwenye mzizi au akiteleza wakati wa kuvuka korongo, anayelipa ni yule wa mbele.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Mteja amelipa maelfu ya dola. Mfuata nyayo ni kijana wa kijiji cha jirani, ajira yake ni ya msimu. Nani anategemea kijana huyo ageuke amwambie mgeni, "Bwana, fungua bolti nione", yaani kile chuma cha kuvuta kinachoingiza risasi chemba? Hatasema. Kwa hiyo uamuzi wa kubeba risasi chemba anaufanya mtu mmoja, na hatari yake inabebwa na mwingine ambaye hakuulizwa. Mimi ningetaka kila kambi iwe na kanuni moja: kabla ya kuondoka kwenye gari, kila bunduki inafunguliwa mbele ya wote, na mfuata nyayo ana haki ya kusimamisha msafara akitaka kuiona tena. Ndani ya gari kwenyewe sioni hata la kubishania, maana sheria inakataza kumpiga mnyama ukiwa garini.

Mtaniambia sefti ipo. Sefti si zote sawa. Ile ya bunduki ya Mauser 98 inakamata pini yenyewe inayogonga risasi, lakini bunduki nyingi zina sefti inayozuia triga (kifyatulio) tu, na triga ikiwa na vumbi au imechezewa ili iwe laini, hapo hakuna wa kukuhakikishia lolote. Mwaka 2000, huko Montana, Marekani, mama mmoja alikuwa anatoa risasi kwenye bunduki ya Remington 700 baada ya kuwinda. Aliposogeza sefti, bunduki ikalia, ikamuua mwanawe wa miaka 9. Kampuni ya Remington ilikana kwamba triga ni mbovu, lakini baadaye, katika maridhiano ya kesi, ikakubali kubadilisha triga za mamilioni ya bunduki bila malipo. Hata kuitoa tu risasi iliyo chemba ni hatari nyingine, na mwenye chemba tupu hana kazi hiyo jioni.

Wengine huingiza risasi halafu wanaacha mkono wa bolti umeinuliwa. Siipendi njia hiyo. Kijiti kinaivuta bolti, risasi inadondoka majanini, na wewe unaamini bado unayo.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipuuza, nayo ni nyati aliyejeruhiwa. Nyati akikujia kwa kilomita 50 kwa saa anakula karibu mita 14 kila sekunde. Kwenye kichaka ambacho huoni mita 10 mbele, muda wa kukoki haupo. Hapo risasi iwe chemba, nakubali bila kusita. Lakini hapo mstari nao uvunjwe: wenye bunduki wakae pembeni mwa mfuata nyayo, mitutu ikitazama nje, mteja asiwe nyuma ya mgongo wa mtu. Vilevile mwindaji bingwa mwenye bunduki ya mitutu miwili, kama ile ya risasi nene za .470, simdai ninachomdai mteja. Yake haina magazini. Chemba zikiwa tupu, amebeba chuma tu.

Kuhusu kelele ya bolti kumshtua mnyama, koki mapema kabla ya kuanza kunyatia, polepole, mkono ukiisindikiza bolti.

Wazee wa gobore wanalijua hili tangu zamani. Gobore likishashindiliwa, kulitoa baruti ni shughuli, kwa hiyo mzee anatembea nalo limeshiba ila fataki, kile kikombe kidogo kinachowasha baruti, iko mfukoni. Anaivika akimwona mnyama.

Sasa nataka kuwasikia hasa wafuata nyayo na askari. Askari anayefunga mstari ana watu wote mbele ya mtutu wake, na kwa hesabu yangu chemba yake iwe tupu. Lakini tembo akitokea nyuma, yeye ndiye wa kwanza kukutana naye, na huenda ndiye peke yake mwenye bunduki upande ule. Mimi bado nasema iwe tupu, mtutu uelekee chini. Mliowahi kutembea nafasi hiyo mnasemaje?