Mjadala: Dhahabu tunachimba sisi. Je, mwananchi wa kawaida aweke akiba yake humo?

MLETA MADA, MOROGORO

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kubezana. Tangu Oktoba 2025, aunsi ya dhahabu (gramu 31 na kidogo) ilipovuka dola 4,000 kwenye soko la dunia, kila kikoba ninachokijua kina mtu anayesema tuachane na shilingi, tununue dhahabu. Wengine wanaongeza na madini ya fedha, maana nayo mwezi huohuo yalivuka dola 50 kwa aunsi. Upande wa pili wanajibu kwamba hayo ni mambo ya wenye nazo, sisi tununue viwanja tunyamaze. Mimi sikubaliani na upande wowote, na sababu yangu ni bangili mbili.

Mwaka 2012 mama yangu, muuguzi, alistaafu. Alichukua sehemu ya kiinua mgongo akanunua bangili mbili za karati 22 (sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu), jumla gramu 20, akalipa 1,800,000. Alikuwa ameshaona benki zikifa na viwanja vikiuzwa mara mbili, akasema dhahabu haiozi. Mwaka 2018, mwezi wa tisa, akatakiwa kufanyiwa upasuaji. Tukazipeleka kwa sonara.

Namwona mpaka leo yule mzee. Alizisugua kwenye jiwe jeusi, ukabaki mstari mwembamba wa njano, akadondosha tindikali juu yake na sote watatu tukainama kutazama. Mstari haukufifia. Mali halali. Akaziweka kwenye mizani: gramu 19 na nukta nane, kwa sababu miaka sita ya kufua na kuosha vyombo nayo ilikuwa imekula chake. Akataja bei, 68,000 kwa gramu. Tulitoka na milioni moja na laki tatu na elfu arobaini na kitu.

Nilimchukia sonara siku ile, lakini baadaye nilipiga hesabu. Mwaka 2012 aunsi ilikuwa na wastani wa dola 1,670 hivi. Septemba 2018 ilikuwa kama 1,200. Kilichotuokoa tusiumie zaidi ni shilingi yenyewe kushuka, kutoka karibu 1,580 kwa dola hadi 2,280. Halafu kuna ujira wa fundi ambao mama aliulipa siku ya kununua. Ukienda kuuza, hakuna anayekurudishia ujira. Unalipwa uzito na karati basi. Kaka yake mama, aliyeweka pesa kwenye hatifungani ya serikali, yaani aliikopesha serikali, alikuwa anapokea riba kila baada ya miezi sita muda wote huo.

Mtu anaweza kusema basi dhahabu ni mbaya. Hapana. Katikati ya 2025, aunsi ikiwa kama dola 3,300 na dola ikiwa kwenye shilingi 2,600, gramu ya karati 22 ilikuwa na thamani ya zaidi ya laki mbili na nusu. Bangili zilezile zingefika milioni tano. Kosa halikuwa dhahabu. Kosa ni kwamba hakuwa na akiba nyingine ya kukimbilia, kwa hiyo ugonjwa ndio uliomchagulia siku ya kuuza.

Swali langu kwenu lina vipande viwili. Kwanza, mtu wa mshahara aweke kiasi gani kwenye dhahabu, kama aweke? Pili, na hili ndilo linaloniuma: kwa nini nchi inayochimba dhahabu kiasi hiki imuache muuguzi anunue bangili kwa sababu hajui pa kununua kipande cha gramu tano chenye muhuri? Nilizunguka maduka ya mtaa wa Indira Gandhi pale Dar siku nzima. Nilipata mikufu, pete, hereni na soda ya baridi. Kipande cha akiba nilichotaka sikukipata.

MCHANGIAJI, GEITA

Pole kwa ya mama, mkuu. Mimi ni mtu wa soko la madini, niko hapa tangu lilipofunguliwa Machi 2019, na kabla ya hapo nilikuwa machimboni.

Naanza na onyo kwa wanaosoma kimyakimya. Usije ukafunga safari kuja huku na pesa kwenye begi eti ununue dhahabu ghafi kwa mchimbaji kwa bei chee. Kununua na kuuza dhahabu ghafi kunataka leseni, ya broka au ya dealer. Bila hiyo, ukikamatwa nayo ni kosa la jinai na mali inataifishwa. Na hata usipokamatwa, utajuaje ulichonunua? Ile inayotoka kwenye moto baada ya kuchoma zebaki haijawa dhahabu safi. Ndani yake mna fedha, mna shaba, mara nyingine mna uchafu mtupu. Sisi wenyewe hatununui kwa macho. Inapigwa mashine, mashine inasema asilimia, ndiyo tunaongea bei.

Asiye na mashine ana maji. Pima kipande chako hewani, kisha kipime kimezama ndani ya maji, ugawe uzito wa kwanza kwa tofauti ya hizo mbili. Dhahabu safi inakupa 19.3. Risasi ni 11 na kidogo, shaba haifiki 9. Njia hiyo inaumbua matapeli wengi. Ila kuna metali iitwayo tungsteni, uzito wake karibu sawa kabisa na dhahabu; mtu akikupakia tungsteni ndani na dhahabu juu, maji hayatakuambia kitu na jiwe la sonara litaona ngozi tu. Ndiyo maana kipande kikubwa usinunue kwa mtu, nunua mahali penye jina la kupoteza.

La pili, Benki Kuu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wenye leseni za kuchimba na wafanyabiashara wa dhahabu tunatakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe hapa nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu. Wapo walionung'unika, mimi nikiwemo mwanzoni. Lakini tazameni: taifa lenyewe limeona si busara akiba yake ya kigeni iwe dola tupu, likaamua kuweka na dhahabu. Kama ni busara kwa taifa, inakuwaje ujinga kwa raia?

MCHANGIAJI, MOMBASA

Ndugu wa Geita, hapo sikufuati. Benki kuu haiugui, haina karo ya muhula wa pili wala kodi ya nyumba tarehe tano. Inaweza kukaa na dhahabu miaka 20 bei ikiwa chini. Aliyenunua Januari 1980 kwa dola 850 alingoja hadi 2008 kuiona bei ile tena, na hapo hujahesabu mfumuko wa bei. Miaka 28! Mtoto amezaliwa, amesoma, ameoa.

Tena dhahabu haizai. Ng'ombe huzaa, nyumba hulipiwa kodi, hatifungani hutoa riba. Dhahabu hukaa tu kwenye kitambaa, na wewe unalala jicho moja wazi ukiwazia wezi.

Na hili la kujikinga na shilingi kuanguka lisemwe lote. Kwetu Kenya, Januari 2024 dola ilifika shilingi 160. Watu walitishika, wakakimbilia dola na dhahabu. Kufikia Agosti dola ilikuwa 129. Dhahabu ilipanda miezi hiyo kutoka dola 2,050 hivi hadi 2,500, zaidi ya sehemu moja ya tano, lakini ukibadilisha kuwa shilingi za Kenya, aunsi ilitoka 328,000 ikaenda 322,500. Yaani dunia nzima inashangilia na wewe umesimama palepale.

Mwenye hamu kweli, Soko la Hisa la Nairobi lina NewGold tangu 2017, mfuko wa dhahabu unaouzwa kwa vipande kama hisa. Kila kipande ni kama sehemu moja ya mia ya aunsi, na dhahabu yenyewe huwekwa ghalani huko nje. Wanunuzi na wauzaji ni wachache, hilo nalo lijueni. Lakini angalau hakuna mwizi atakayevunja mlango kukitafuta. Nasema hivi nikiwa na uchungu: binamu yangu alionyeshwa sanduku la vipande vinavyong'aa katika nyumba ya kifahari Nairobi, na karatasi za forodha zenye mihuri. Alitoa mkopo wa sako. Ilikuwa shaba iliyopakwa rangi.

MCHANGIAJI, UNGUJA

Nyinyi wanaume mnaongea kama dhahabu imeingia nchini jana. Bibi yangu hakuwa na hati ya shamba wala kitabu cha benki. Kila kilichokuwa chake kwa jina lake kilikuwa shingoni na mikononi. Mume akifa, ndugu wa mume wakija kugawa, dhahabu ya mahari hakuna anayeigusa. Ile bangili inayoonekana kama pambo la kijinga kwa mwenye mahesabu, kwa mwanamke ni mali isiyohitaji saini ya mtu. Hilo halimo kwenye bei ya aunsi.

Kwa hiyo kaka wa Mombasa, umesema kweli kwamba haizai. Lakini pia haiombi ruhusa.

Naongeza mawili kwa Waislamu. Ukiiweka kama akiba, ikifika gramu 85 na kupitiwa na mwaka, zaka yake ni asilimia mbili na nusu. Ya kuvaa, Mashafi wengi hawaitoi, wengine wanatoa, muulize shehe wako. Na usiiuze kwa mkopo wala kuinunua kwa kulipa kidogokidogo huku ukiwa umeshaichukua. Dhahabu kwa pesa ni mkono kwa mkono.

Madini ya fedha nayaogopa. Huku kwetu zamani watu walihesabu mali kwa reale za Maria Theresa, sarafu za madini ya fedha. Kisha kuanzia miaka ya 1870 thamani ya fedha ikaporomoka mbele ya dhahabu, mpaka mwisho wa karne ilikuwa imebaki chini ya nusu. Kuna waliolala matajiri wakaamka maskini.

MCHANGIAJI, MUSCAT

Naunga mkono dada wa Unguja kuhusu fedha. Nilinunua kilo moja Dubai nikaja nayo Tanga likizo. Nzito, inashika weusi, na masonara watatu wa kwanza hawakutaka hata kuitaja bei. Nikairudisha. Zaidi ya nusu ya fedha duniani inaishia viwandani, kwenye vioo vya umeme wa jua na mitambo, kwa hiyo bei yake inafuata viwanda. Mwaka 2011 ilikaribia dola 50, miaka minne baadaye ilikuwa chini ya 15.

MLETA MADA, MOROGORO

Nashukuru, nimejifunza. Dada wa Unguja umenifanya nimuelewe mama kuliko nilivyomuelewa miaka yote hii. Nilikuwa namhesabia faida, yeye alikuwa ananunua uhuru wake. Na kaka wa Mombasa nakubali kabisa kwamba akiba ya dharura kwanza: miezi sita ya matumizi kwenye mfuko ambao pesa yake inatoka haraka, kama ule wa Ukwasi wa UTT, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, ndipo mtu aongelee dhahabu. Kwangu mimi nimefikia sehemu moja ya kumi, isizidi, na ile ambayo sitaigusa miaka kumi.

Lakini kipande cha pili cha swali hamjakigusa, nami sikiachi. Ghana, Novemba 2024, Benki Kuu yao ilitoa sarafu za dhahabu za aunsi moja, nusu na robo, zinauzwa kupitia benki za kawaida. Zimbabwe walitoa zao Julai 2022. Hazikuiokoa dola yao, Aprili 2024 iliwekwa kando ikaja pesa mpya iitwayo ZiG, lakini aliyekuwa na sarafu mkononi hakufilisika nayo. India walikwenda njia nyingine, hatifungani za dhahabu zilizotolewa kuanzia 2015 hadi 2024, serikali ikiwalipa wananchi riba ya kama asilimia mbili na nusu kwa mwaka, mbali na faida ya bei kupanda. Sisi dhahabu tunayo, viwanda vya kuisafisha vipo Mwanza, Geita na Dodoma, na Benki Kuu inanunua kwa shilingi. Kinachokosekana ni dirisha la kumuuzia muuguzi gramu tano, na bei ya kuirudisha ikiwa imebandikwa ukutani kila asubuhi.

MCHANGIAJI, GEITA

Hiyo bei ya kuirudisha ndiyo roho ya jambo, mkuu. Kuuza sarafu ni rahisi, kila mtu anauza. Siku mama anakuja na mgonjwa, saa nne asubuhi, nani analazimika kuinunua, na anakata asilimia ngapi? Wakiliandika hilo kwenye kanuni, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Kabla ya hapo, bangili.

MCHANGIAJI, UNGUJA

Na iwe nyembamba isiyo na mawe wala nakshi nyingi, ufundi wake ni mdogo. Mama yako anaendeleaje sasa?

MLETA MADA, MOROGORO

Mzima, dada yangu, anatembea bila fimbo. Mkononi ana bangili moja, niliyomnunulia mwaka jana. Nilimuuliza kama angependa niiuze bei ikipanda tena. Akavuta mkono wa kanzu ukaifunika.